Filamu Zenye Mwisho

Kila Alhamisi, jua likishahamia upande wa pili wa mtaa, tulitoa viti mlangoni kwa Arsenio tukazungumza filamu. Kwetu Camagüey, nchini Kuba, nyumba hazina baraza. Ukifungua mlango uko barabarani, kwa hiyo viti viwili vya kubembea vilikaa ndani ya kizingiti na kimoja nje, na anayepita ilimbidi ashuke kwenye lami. Sikumbuki aliyelalamika. Wengine walisimama kidogo, wakatoa maoni yao, wakaendelea na safari.

Mimi kazi yangu ilikuwa kutengeneza friji. Nilijifunza mwenyewe, kwa kuzifungua na kuzifunga tena, na kwa muda mrefu zilizofungwa ziligoma kuwaka. Arsenio alikuwa konda wa treni mpaka alipostaafu. Mkewe alishafariki, na aliishi peke yake. Wa tatu alikuwa Zoraida, jirani yake, anayetengeneza nywele za wanawake wa mtaa sebuleni kwake. Filamu tulizipata mahali pamoja. Kila Jumamosi kijana mmoja aitwaye Leudis alipita na diski iliyojaa filamu, tamthilia, mpira na muziki wa dunia nzima, na kila mtu alichomeka flashi yake akachukua alichotaka. Hivyo mtaa mzima ulikuwa umeona vitu vilevile, na kila mtu alikuwa na lake la kusema.

Alhamisi ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho kwangu. Jumanne iliyofuata mimi na mke wangu Idalmis tulikuwa tunapanda ndege kwenda Zaragoza, Hispania, kwa binti yetu Yaíma, na hatukuwa tunarudi. Arsenio hakujua. Hakuna aliyejua. Kwetu safari ya namna hiyo haisemwi. Unauza unachouza kwa visingizio, unagawa unachogawa, unasema unakwenda Havana kutibiwa, na majirani wanapata habari ndege ikishaacha ardhi. Anayetangaza mapema anajitakia mkosi. Jicho la mtu mmoja tu linatosha, hata kama hana nia mbaya. Binamu yake Idalmis aliwaaga watu wote, wakamchinjia nguruwe, wakacheza mpaka asubuhi, na kwenye uwanja wa ndege akarudishwa kutoka dirisha la mwisho la kukagua pasipoti. Mpaka leo anauza vitunguu Nuevitas.

"Hata Arsenio?" nilimwuliza Idalmis siku karatasi zetu zilipotoka.

"Hasa Arsenio. Anayekupenda ndiye anayekutazama sana."

Sikubishana. Miezi ile sikubishana na chochote. Ilikuwa kama daktari amenichoma sindano ya ganzi, halafu akatoka chumbani akasahau kuning'oa jino. Nilikula, nikalala, nikauza vifaa vyangu kimoja kimoja kwa mafundi wa mitaa ya mbali. Mtu aliponiuliza kwa nini nauza mtungi wa gesi nilisema mgongo. Nilisema mgongo kwa kila kitu.

Alhamisi ile Zoraida ndiye aliyeanza, hata kabla hajakaa sawasawa.

"Ile ya mpishi wa Kihispania. Mwanamke amekimbia kwenye mvua, amelala msituni, amevuka mto, anaamka nywele zimenyooka kama ametoka kwangu! Nikaizima."

"Uliizima au umeme ulikatika?" Arsenio aliuliza.

"Nilikuwa nakwenda kuizima, umeme ukaniwahi."

"Mimi nilifika mpaka stesheni," Arsenio alisema. "Nikaona treni imesimama inawasubiri wamalize kubusiana. Dereva wa treni katulia tu, mwenyewe anafurahi. Miaka yangu yote ya reli sijawahi kuona treni inayomsubiri mtu amalize kubusu."

"Ndiyo maana hukubusiwa."

"Wewe Zoraida, treni zetu zilichelewa kutwa nzima. Watu walibusiana mpaka wakachoka, wakagombana, wakaachana, na treni bado haijaja."

Zoraida alicheka mpaka akashika mlango. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndoo alisimama akasema filamu ya mpishi yeye ilimliza, akaulizwa ilimliza wapi, akasema pale samaki anapoungua. Kisha akaenda zake.

"Na wewe fundi?" Arsenio alinigeukia. "Umeionaje?"

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri tu. Inaangalika."

"Inaangalika," Zoraida alirudia. "Mtu anaongea kama daktari wa mifugo."

Tukaingia kwenye ile ya Kikorea. Hiyo kila mtu mtaani alikuwa ameiangalia. Fundi wa lifti anafukuzwa kazi, na siku anaporudi kuchukua vitu vyake anakwama ndani ya lifti pamoja na bosi aliyemfukuza. Wako humo karibu filamu nzima. Wanatukanana, wananyamaza, wanagawana chungwa. Mwishoni lifti inatikisika, mlango unaanza kufunguka, mwanga unaingia kama uzi, na hapo kioo kinakuwa cheusi.

"Safi sana," Zoraida alisema. "Wakorea ndivyo wanavyomaliza. Wanakuachia ufikirie."

"Mimi sikukaa muda wote ule ili nipewe kazi ya kufikiria," Arsenio alisema. "Ile imekatwa. Leudis alikuwa ananakili, umeme ukakatika, akatuletea kipande. Tumeletewa kipande mtaa mzima, na nyinyi mnakisifu."

"Umejuaje?"

"Majina. Yako wapi majina? Filamu isiyo na majina mwishoni haijaisha."

"Nani anasoma majina?"

"Mimi. Watu wamefanya kazi, mtu asome majina yao. Fundi, sema. Imeisha au imekatwa?"

Kwa kweli sikuwa na maoni. Kioo kilipokuwa cheusi nyumbani kwangu nilikaa nikikitazama mpaka Idalmis akaja kuchukua kiti nilichokalia, kwa sababu mnunuzi alikuwa amefika mlangoni.

"Nadhani imeisha," nilisema.

"Haya!" Arsenio alijiinua kitini. "Nitamwambia Leudis atafute nzima. Alhamisi ijayo tunaiangalia hapahapa. Nikiwa mimi ndiye niliye sahihi, unaniletea kahawa. Kahawa ya kweli, si hii iliyochanganywa na njegere. Nikikosea, nakunyoa ndevu mwenyewe hapa mlangoni kama kinyozi wako, watu waone. Sawa?"

Alininyooshea mkono. Zoraida alikuwa anatutazama akicheka. Nikaupokea.

"Sawa."

"Alhamisi?"

"Alhamisi."

Mkono wake ulikuwa mkavu, wenye joto. Nilijua kwamba hapo ndipo ilipofaa nisikie kitu fulani, na nikangoja. Hakikuja. Nilisikia tu redio ya mtu upande wa pili wa barabara.

Arsenio hakuuachia mkono wangu mara moja.

"Friji ya yule bosi ni ya aina gani?" aliuliza.

"Ipi?"

"Mwanzoni, nyumbani kwake. Anaifungua, anatoa maji, anaifunga. Wewe kila filamu unatuchosha na friji. Hii kompresa yake iko juu, ile haina gesi maana chupa hazina jasho, yule tajiri gani ana friji ya miaka ya sabini. Hii hujasema neno."

"Sikuiona."

"Hukuiona," alisema. Akachukua kikombe chake akanywa, ingawa nadhani kilikuwa kitupu.

Nyumbani nilimkuta Idalmis amekaa chini, anapasi nguo juu ya blanketi, kwa kuwa meza ilikuwa imeshauzwa.

"Amenishika mkono kwa Alhamisi ijayo," nilimwambia.

"Umesemaje?"

"Nimesema sawa."

"Vizuri."

"Si vizuri, Idalmis. Atatoa viti, atakaa pale ananisubiri."

Aliweka pasi pembeni. "Tunakwenda kwa mtoto wetu. Ukishafika utampigia simu, utamwambia, atakutukana, mtacheka. Lakini ukimwambia leo, halafu Jumanne yule wa dirishani aseme karatasi ina kasoro, utaishi na Arsenio jirani yako na kila ukimwona utajiuliza. Hutaki, lakini utajiuliza. Mimi sijamwambia hata dada yangu. Nimekwenda kwake Jumapili, nimekula, nimeosha vyombo, nimesema haya tutaonana."

Akachukua pasi tena. Nikaona anapasi shati lilelile aliloshamaliza. Nikakaa kitandani, maana ndicho kilichobaki. Tukazungumza habari ya mabegi.

Usiku ule, na uliofuata, nilijipangia maneno. Nilisema moyoni, Arsenio, ninaondoka Jumanne. Yalikuwa maneno mepesi, na hilo ndilo lililonitisha. Niliyarudia kama mtu anayegonga bomba kusikiliza kama lina kitu ndani. Miaka yote ile ya urafiki, na nilikuwa naweza kuondoka pale mtaani kama mtu anayetoka dukani. Niliona kwamba nisipomwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele yake, nitakuwa nimemwacha mlangoni kama kiti. Hilo nililijua kwa akili. Kwingine kote mwilini kulikuwa kimya.

Jumapili baada ya chakula cha mchana mlango uligongwa. Alikuwa Arsenio, amevaa shati la mikono mirefu na flashi mfukoni.

Hakuwa na desturi ya kuja kwetu. Siku zote sisi ndio tuliokwenda kwake. Nikasimama katikati ya mlango nisijue la kufanya, kwa sababu nyuma yangu kuta zilikuwa na alama nyeupe pale picha zilipokuwa, na pembeni mabegi yalikuwa yamepangwa. Televisheni ilikuwepo bado. Mpwa wake Idalmis alikuwa aichukue Jumatatu.

"Nimeona Alhamisi ni mbali," Arsenio alisema. "Nimekwenda mwenyewe kwa Leudis. Nimepata nzima."

Nikampisha. Aliingia macho yakiwa sakafuni, kama mtu anayevuka mahali penye maji. Hakutazama kuta, hakutazama mabegi. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya televisheni, akageuza ndoo iliyokuwa pale, akaikalia, mgongo wake ukiwa umeelekea chumba chote.

"Kuna umeme?"

"Umerudi sasa hivi."

"Basi tuwahi."

Nilichomeka flashi, nikasogeza mpaka pale mlango wa lifti unapoanza kufunguka. Idalmis alitokea jikoni, akamwona, akanitazama mimi. Nilitikisa kichwa kumwambia sijasema kitu. Akarudi jikoni, na baadaye tukasikia maji yanachemka.

Haikuwa imeisha. Mlango wa lifti ulifunguka wote, na nje hapakuwa na watu wa kuokoa wala waandishi wa habari. Ilikuwa sikukuu, jengo halina mtu, umeme tu ndio uliokuwa umerudi. Bosi alijipangusa suruali. Walisimama, wakatazamana, wakashuka kwa ngazi, kila mmoja akashika njia yake. Fundi akapanda basi. Akafika nyumbani, akavua viatu, mkewe akamwuliza kama amekula. Akasema amekula. Akaketi. Kisha yakaja majina, kwa maandishi ya kwao, yakipanda polepole, mengi sana. Arsenio hakuweza kusoma hata moja. Aliyatazama yote mpaka la mwisho, mikono magotini.

"Hayo ndiyo majina," alisema.

"Ulikuwa sahihi."

"Hilo najua. Nakuuliza filamu. Umeionaje?"

Safari hii nilijaribu kweli. "Sijaipenda ile ya mwishoni. Mtu ametoka mle ndani, alishajua kwamba anakufa, anakwenda nyumbani anavua viatu kama hakuna kilichotokea. Hata sura yake haibadiliki."

"Mimi hapo ndipo nilipompenda," Arsenio alisema. "Angelia pale ningeizima. Mtu aliyekwama vile halii siku ileile. Nilipomzika mke wangu nilirudi nikatengeneza bawaba ya dirisha. Nililia baada ya wiki nyingi, kwenye foleni ya mkate, watu wakadhani mkate umekwisha."

"Hawakuonyesha hilo."

"Ingebidi iwe filamu nyingine."

Niliona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nikavuta pumzi.

"Arsenio, mimi—"

Aliinua mkono juu bila kugeuka. "Usiniambie."

"Hujui ninachotaka kusema."

"Sijui, na sitaki kujua. Nadhani tu. Kudhani hakuna jicho ndani yake."

"Tangu lini?"

"Ile tamthilia ya Waturuki," alisema. "Umeifuata tangu marehemu mke wangu yuko hai. Leudis ananiambia siku hizi huichukui. Umeiacha pale msichana ametekwa, yuko kwenye pango, amefungwa kamba! Nani anaiacha tamthilia hapo? Nikauliza, anachukua nini basi? Filamu tu. Zinazoisha. Nikasema haya. Halafu friji."

Idalmis alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na vikombe mkononi. Hakuna aliyekuwa amemsikia akija.

"Umemwambia nani, shemeji?" alimwuliza Arsenio.

"Nimwambie nini? Mimi nimekuja kuangalia filamu. Nimeangalia."

"Nataka kusema," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Si haki usikie kwa simu."

Hapo ndipo alipogeuka, kwenye ndoo yake, akanitazama mimi tu, usoni, si kulia wala kushoto.

"Evelio, sikiliza. Wewe unataka kusema, mimi nataka upande ndege. Ukisema, halafu kukatokea jambo kule dirishani, atalibeba nani? Nitalibeba mimi. Nitakaa mlangoni pangu nimelibeba. Usinitwike. Niambie Alhamisi."

Nilimtazama Idalmis. Idalmis alikuwa anavitazama vikombe.

"Alhamisi," nilisema.

"Na kahawa ya kweli."

"Ya kweli."

"Basi tumeagana vizuri," alisema, akainuka.

Idalmis aliweka vikombe chini, akaenda kwenye begi moja, akalifungua, na kule chini, katikati ya nguo, akatoa pakiti ya kahawa. Nilijua ni ipi. Tuliitafuta mji mzima ili ampelekee Yaíma, aliyekuwa ameiomba hiyo tu. Akamwekea Arsenio mkononi.

"Ameshindwa," alisema. "Chukua."

"Si mpaka Alhamisi, shemeji?"

"Chukua leo. Huyu anasahau."

Arsenio aliishika ile pakiti, akainusa, akaitia ndani ya shati. Aliondoka vilevile alivyoingia, macho chini. Mlango ulipofungwa Idalmis alifunga zipu ya begi, ikakwama, akaivuta mpaka ikakubali.

Jumanne gari lilikuja asubuhi, kumekwisha kupambazuka. Zoraida alikuwa nje anafagia mbele ya mlango wake.

"Mnakwenda wapi na mizigo yote hiyo?"

"Havana," nilisema. "Kutibiwa goti la Idalmis."

"Poleni jamani. Goti gani?"

"La kushoto," Idalmis alisema, wakati uleule mimi nilipokuwa nasema la kulia.

Zoraida aliegemea ufagio wake. Alitutazama kidogo, halafu akaitazama lami ya barabarani.

"Mungu ayaponye yote mawili," alisema, akaendelea kufagia.

Dereva alikwenda taratibu, kwa sababu mtaa wetu ni mwembamba na watu walikuwa wameshatoa viti. Milango yote ilikuwa wazi, kama kawaida ya joto lile. Wa Arsenio ulikuwa umefungwa. Dirisha pia lilikuwa limefungwa, na ubao wa kuzuia jua umeshushwa mpaka chini. Sijawahi kuuona mlango ule umefungwa mchana, hata siku ya msiba. Ndani televisheni ilikuwa inaunguruma kwa sauti ya juu kabisa, mpaka ikasikika kwenye gari: mwanamke anapiga kelele, farasi, kitu kinaanguka.

"Mwenyewe kiziwi?" dereva aliuliza.

"Hapana," Idalmis alisema. "Ana adabu."

Niliteremsha kioo nikasikiliza mpaka tukapinda kona. Nilijaribu kutambua ni filamu gani. Sikuijua. Lazima ilikuwa kwenye diski ya Jumamosi ile, Jumamosi ambayo Leudis aliponigongea sikumfungulia.